Vikaratasi vya Marehemu Aune

Jumatatu, 21 Oktoba

Sijamwambia mtu mwingine yeyote: tangu jana asubuhi mimi ni bibi yangu marehemu. Kwa mwandiko tu. Lakini hata hivyo.

Nieleze kwa utaratibu. Babu Tauno alipata mshtuko wa moyo mwisho wa Agosti akipasua kuni. Hospitali ya mkoa walimzibua mshipa, wakamwekea ndani yake kibomba cha wavu, chembamba kuliko utambi. Wakamrudisha nyumbani na vidonge vya aina nne, chupa ya dawa ya kupuliza chini ya ulimi, na barua ya kumwita Shule ya Moyo: kila Jumatano saa nane mchana, kituo cha afya, mwalimu Muuguzi Marjut. Mimi nimemaliza shule Juni. Kofia nyeupe ya wahitimu iko juu ya kabati, inakusanya vumbi. Chuo hakikunichukua. Basi mama akanituma huku kijijini nikae na babu. Kazi yangu ni moja: asife.

Majuma saba nimeshindwa. Anachemsha kahawa sufuriani na machicha yake, ile ile ambayo Sista Marjut amesema inapandisha mafuta ya damu. Anapaka siagi nene kama kipande cha sabuni. Vidonge anameza akikumbuka. Shuleni amekwenda mara moja, akasinzia. Akasema huu moyo ameutumia miaka sabini na sita, hakuna binti wa miaka arobaini atakayemfundisha ulivyo.

Mtu aliyemtii maisha yake yote ni mmoja. Naye yuko nyuma ya kanisa tangu mwaka juzi.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Zuri ajabu! Bibi Aune alikuwa mtu wa vikaratasi. Aliviweka kila mahali: *Tauno, viatu. Tauno, mlango. Tauno, si kisu hicho.* Nimekuta sanduku zima darini. Nimefanya mazoezi siku tatu, kwa kalamu yake mwenyewe ya wino. Jana nikaweka cha kwanza ndani ya kopo la kahawa: *Tauno. Chuja kahawa. A.*

Alikisoma. Akakaa. Akatoka, akasimama uani bila kofia mpaka mimi niliyekuwa ndani nikaanza kuona baridi.

Kisha akaichuja! Kwa kitambaa cha bibi cha kichwani, kile cha Jumapili. Tulikunywa kahawa yenye ladha ya kabati. Sikulalamika. Mafuta ya damu hayajui ladha.

Jumatano, 23 Oktoba

Shule ya Moyo. Nimekwenda peke yangu, kwa niaba yake. Tulikuwa saba.

Sista Marjut ana moyo wa plastiki wenye kijilango. Anaufungua, anatia kidole, anakuonyesha mahali damu inapokwama. Halafu anafanya jambo ninaloliogopa kuliko yote: anamgeukia mtu na kumwomba arudie kwa maneno yake mwenyewe. Anasema hapimi wagonjwa, anajipima yeye kama ameeleza vizuri. Hata hivyo mimi hutazama sakafu.

Bi Onerva hatazami sakafu. Ni jirani yetu, mjane, alipata mshtuko wake mwezi wa tatu, na anajua kila kitu. Maumivu ya kifua? Kaa chini, puliza dawa chini ya ulimi, subiri dakika tano, yasipopungua piga 112, usijiendeshee gari! Kidonge cha kuzuia damu isigande? Usiache hata siku moja bila daktari, kibomba kinaweza kuziba! Sauna, kile chumba cha kuogea mvuke? Ruhusa, lakini ya joto la wastani, benchi la chini, na usikimbilie ziwani! Sista Marjut akampigia makofi. Nilijua majibu yote matatu. Nilikuwa nayo mdomoni. Bi Onerva anavuta sigara nyuma ya banda lake, nimemwona mara nne, halafu anakuja darasani akinuka pipi ya mnanaa na kupigiwa makofi.

Mwishoni Sista Marjut alisema jambo ambalo hakumwomba mtu alirudie: kwamba baada ya mshtuko wengi hupatwa na huzuni, au hofu, au hamu ya kuachia tu, na kwamba hilo nalo ni ugonjwa wa moyo na lisemwe. Bi Onerva akatazama dirishani.

Sista Marjut akaniuliza babu yuko wapi. Nikasema ana kazi, anapasua kuni.

Anapasua kuni! Mgonjwa aliyeangukia kwenye kuni! Bi Onerva akacheka mpaka akakohoa: "Basi mwambie achimbe na kaburi kabisa, asiwasumbue watu wakati ardhi imeganda."

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku ya sauna. Mpango wa pili. Niliweka karatasi chini ya kata ya maji: *Tauno. Kaa benchi la chini. A.*

Nikasubiri chumba cha kubadilia nguo, nikihesabu dakika. Nikamsikia anasoma kwa sauti. Nikamsikia anacheka, taratibu, kama mtu aliyeguswa begani. Alikaa chini, kwa kweli. Nilichungulia tundu la mlango kuhakikisha, kisha nikafumba macho kwa heshima.

Lakini maji yakaanza kumwagwa juu ya mawe ya moto ya jiko. Kata moja. Tatu. Saba! Mvuke ukatoka hata chini ya mlango. Nikabisha, nikamwuliza kulikoni. Akajibu kwa utulivu kabisa kwamba yeye yuko chini kama alivyoambiwa. Benchi la juu amemwachia Aune. Na Aune, kama nakumbuka, anapenda moto.

Alitoka mwekundu kama bitiruti. Nilimshika mkono, mapigo mia na ishirini na nane. Akasema si neno, mwenzake ameoga vizuri.

Nilipoingia kuzima jiko nilitazama benchi la juu. Mbao zote zilikuwa kavu kwa joto. Isipokuwa mahali pamoja, upana wa mtu aliyekaa. Sijui. Mvuke hutua unapotaka.

Jumapili, 27 Oktoba

Mafanikio! Karatasi ya tatu (*Vidonge, Tauno*) imefanya kazi jana usiku na leo. Anavimeza mbele ya kiti cha bibi kama askari anayekaguliwa.

Hasara: sasa tunaandaa vikombe vitatu. Anamweleza hali ya hewa. Anamwuliza kuhusu bei ya mbegu za viazi, ananyamaza kidogo kiasi cha jibu, kisha anasema, "Hapo umenena." Mara moja alinigeukia na kusema, mjukuu wangu, sogea, unamkanyaga bibi yako sketi. Nikasogea. Mbona nilisogea?

Ana furaha. Sijamwona hivi tangu msiba. Anapiga mluzi. Nawezaje kuacha mtu anapopiga mluzi?

Jumanne, 29 Oktoba

Kasha la vidonge lina vyumba saba. Jumatatu: kimejaa. Jumanne: kimejaa.

Nilidhani amesahau. Nikamletea na maji. Akanirudishia mkono kwa upole. Akasema vidonge hivi ni vya kumbakiza, na sasa ameshauriana, hana haja ya kubakizwa. Alipokuwa anadhani kwamba huko ng'ambo kuna giza tupu, aliogopa, akakubali hata siagi ya mafuta ya mimea. Sasa anajua Aune yuko, anaandika, anaoga. Jumamosi ni siku ya marehemu. Tutawasha mishumaa makaburini, tutarudi, tutaoga, halafu jiko litaachwa linawaka kwa ajili yao, kama ilivyofanywa na mama yake na mama wa mama yake. Ule mvuke wa mwisho ni wao. Aliye hai haingii.

"Mimi nitaingia," akasema. "Bibi yako kanisubiri miaka miwili. Miaka arobaini na tisa nilimchelewesha kanisani kila Jumapili. Safari hii nitawahi."

Kisha akaniambia kuna supu ya samaki jikoni, nile ikiwa moto.

Ni mimi. Nimemwonyesha njia kwa kalamu ya wino.

Jumatano, 30 Oktoba

Nilikwenda Shule ya Moyo kumwambia Sista Marjut kila kitu. Njia nzima nilifanya mazoezi. Nilipofika sauti ilibaki nje.

Lakini kuna sanduku la maswali yasiyo na majina! Nikaandika: *Mgonjwa akiacha vidonge kwa sababu ameandikiwa na marehemu, afanyeje?* Nikatumbukiza. Mpango salama kabisa.

Sista Marjut hakusoma kimoyomoyo. Alisoma kwa sauti, darasa zima. Bi Onerva akasema swali hili limeandikwa na mwendawazimu au na mtu wa kwetu. Hakuna aliyecheka. Sista Marjut akaiweka karatasi chini. Akasema hajui lolote kuhusu marehemu, hajasomea. Lakini vidonge anavijua: aliyeacha arudie leo, ampigie yeye simu leo, hata kama ana aibu, kwa sababu kibomba hakisubiri mtu amalize huzuni yake. Na huyo mtu asiachwe peke yake. Alinitazama mimi. Nilitoka haraka, nikaacha glavu.

Jioni akapiga simu nyumbani. Babu akapokea. Akamwambia yu mzima sana, hajawahi kuwa mzima hivi. Sista Marjut akasema atapita Jumatatu mwenyewe. Babu akamkaribisha kahawa, ya kuchujwa. "Ukikuta mtu," akaongeza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Karatasi ya nne, kwa nguvu zote: *VIDONGE, TAUNO!!!*

Akaisoma mara mbili. Uso ukang'aa. Akasema katika ndoa yote Aune hakuwahi kupaza sauti hata kwenye karatasi. Amechangamka huko aliko! Hewa inamfaa!

Akaibandika juu ya kitanda. Vidonge vya leo viko ndani ya kasha, bila kuguswa. Nimempigia mama. Nikamwambia theluji imeanza.

Jumamosi, 2 Novemba

Nitaandika nilichokiona tu.

Mchana tulikwenda makaburini. Kijiji kizima kilikuwepo, hakuna anayepaza sauti siku hii, na mishumaa imejaa theluji nzima mpaka ukutani. Babu aliwasha wa bibi. Akasema, "Haya, baadaye." Kama mtu anayekwenda dukani.

Nilikuwa na mpango wa mwisho. Karatasi: *Bado. Usije. A.* Maneno mawili, niliyarudia mpaka yakatoka kamili. Nilipomaliza kuoga niliibandika ndani ya mlango wa sauna, usawa wa macho yake. Kisha babu akaoga zamu yake, benchi la chini, akatoka bila kusema kitu. Nikakimbia kutazama. Karatasi ipo. Tupu. Mvuke umeyeyusha wino wote, umechuruzika mlangoni kama machozi ya bluu. Nani anaandika kwa kalamu ya wino ndani ya sauna? Mimi! Kwa sababu nilitaka ionekane ya kweli!

Tukajaza jiko kuni kwa ajili yao. Tukaweka beseni la maji safi, taulo, sabuni mpya. Tukafunga mlango, tukarudi jikoni. Ilikuwa saa kumi na moja, nje giza, theluji inaanguka taratibu, imenyooka. Babu akakata kipande cha mkate. Hakukila. Akavua saa, akaiweka juu ya meza mbele yangu. Akachukua taulo.

Nilimfuata uani. Dawa ya kupuliza nimeikamata mfukoni, simu mkono wa pili. Nilifungua mdomo kusema: ni mimi, babu, vyote niliandika mimi, hakuna aliyekuita. Hewa tu ikatoka. Nikajaribu tena. Moshi mweupe, basi. Maisha yangu yote nimekuwa nikikaa kimya mahali pasipofaa, lakini hapa!

Alifika mlangoni, akanyoosha mkono. Akasimama.

Penye msumari palining'inia kibao. Kidogo, cha mbao ya msonobari, kingo zimeungua. Herufi zimechomwa kwa chuma cha moto: *BADO. USIINGIE. NITAKUITA.*

Babu alikitazama muda mrefu. Theluji ikamkaa mabegani. Akaniuliza bila kugeuka nimekitoa wapi. Nikatikisa kichwa. Hakuona, lakini akajibu kana kwamba ameona. Akasema Aune alikuwa akikitundika akiosha nywele, hataki kufunguliwa mlango na baridi. Alikitundika miaka yote, katika sauna ya zamani. Sauna ya zamani iliungua usiku wa mwaka mpya kabla mama yangu hajaolewa. Kibao kiliungua nayo. Yeye mwenyewe alizoa majivu.

Nikatazama chini. Theluji mpya, laini kama unga. Njia ya kutoka nyumbani: nyayo zake, nyayo zangu, za sasa hivi. Mlangoni na pande zote: hakuna hata ya paka.

"Basi," akasema babu. Sauti ya mtu aliyekemewa, na aliyepumzika. "Nimesikia, mama. Zamu yangu haijafika." Akageuka. Akanipita, akanigusa kofia. Akaniambia nisisimame nje na nywele mbichi.

Nilibaki kidogo. Babu alikuwa ameshafungua mlango wa nyumba, nilimwona kwenye mwanga. Hapo ndani ya sauna kata ikagonga beseni. Maji yakamwagwa juu ya mawe. *Tssss.* Kata moja. Tatu. Saba.

Nilikimbia kama sungura.

Nilimkuta mezani na kasha la vidonge. Alikuwa anasoma karatasi ya hospitali kwa miwani yake, mstari kwa mstari. Alimeza vya leo, kimoja kimoja, na maji. Halafu akaniuliza kama nina namba ya yule binti wa Shule ya Moyo, amwambie ameruka siku tano. Nikampa. Alipiga mwenyewe. Akaambiwa awapigie walio zamu hospitalini, akapiga. Wakamtaka aende usiku ule ule apimwe. Bi Onerva ametupeleka kwa gari lake, akiendesha kama mwizi, bila kuuliza swali hata moja. Sasa niko barazani hospitalini. Mashine inachora moyo wake. Mistari iko sawa, wamesema. Iko sawa.

Jumatano, 6 Novemba

Babu amehudhuria Shule ya Moyo! Safu ya mbele! Sista Marjut alipouliza nani arudie kwa maneno yake mwenyewe, babu akasimama, akavua kofia, akasema: kidonge ni kila siku, huzuni isemwe, na mtu asiingie kabla hajaitwa. Sista Marjut akasema la mwisho halimo katika kitabu chake, lakini ataliandika. Akanirudishia glavu zangu, akaniambia polepole kwamba siku yoyote nikitaka kuongea, mlango wa pili kushoto. Nikasema asante, sina la kusema. Kwa nini nilisema hivyo? Lakini mambo yamekwisha vizuri, si kweli? Nani angetaka kuyavuruga kwa kusema?

Kibao hatujakiona tena. Asubuhi ya Jumapili msumari ulikuwa mtupu. Babu anasema kimerudi kazini.

Wakati wa kahawa babu alimsimulia Bi Onerva kila kitu, vikaratasi na vyote. Nilingoja dhihaka. Haikuja. Bi Onerva alishika kikombe kwa mikono miwili. Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama wanaandika wote, au wale tu waliokuwa na mazoea ya kuandika. Maana marehemu mumewe, Reino, hakuwa mtu wa barua. Akasema Reino angemwambia neno moja tu, aache sigara, angeacha siku hiyo hiyo.

Siku hiyo hiyo! Amesema mwenyewe!

Nimeshapata mfano. Reino alimwandikia babu hati ya kununua mashua, ipo kwenye droo. Mwandiko mgumu, umeegemea kushoto. Herufi ya O ni kazi. Nimeandika mara kumi na moja, ya kumi na moja si mbaya. Na safari hii natumia penseli. Penseli haiyeyuki. Mtu hujifunza!

Kuna jambo dogo. Nilipofungua daftari hili leo nikakuta pembeni ya ukurasa wa Jumamosi maneno mawili ambayo sikuyaandika, kwa wino wa bluu, bado umelowa, moja likiwa jina langu: *Inatosha, Hilja.*

Nilipiga yowe, kweli. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi. Nikafikiri sana, kwa moyo wote, kwa sababu bibi hakuwa mtu wa kupoteza wino. Halafu nikaandika chini yake, kwa adabu na mwandiko wangu mwenyewe: *Hii tu, bibi. Ya mwisho.* Nikaendelea na O za Reino.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba, funga mdomo. Usimwambie babu. Usimwambie Sista Marjut, hasa akikutazama vile. Bi Onerva ndiyo kabisa. Na ukipita nyuma ya kanisa, pita kimya, usije ukalitaja jina langu kwa sauti. Anasikia.